Somo: kurekodi bendi laivu chaneli 32 kwenye laptopu kwa kebo moja ya netiweki

Wakuu salaam. Inaniuma sana kuona bendi inapiga masaa matatu, shoo kali kabisa, halafu kinachobaki ni L na R (miksi ya kushoto na kulia) ya kwenye flashi, sauti ya mwimbaji iko juu mno na ngoma huzisikii. Na siyo kosa la fundi wa sauti, ukumbi ukiwa mdogo ngoma na ampu ya gitaa zinajisikilizisha zenyewe kwahiyo kwenye miksa anaziweka kidogo tu, na flashi inabeba kile kilichopo kwenye miksa. Dawa yake ni kurekodi kila maiki kwenye traki yake, ukafanye miksi nyumbani kwa utulivu.

Natumia miksa ya Yamaha QL1 na steji boksi (boksi la jukwaani la kuchomekea maiki) ya Rio1608-D, zote zina Dante ndani, hununui kadi. Dante ni mfumo wa Audinate, Waaustralia, unasafirisha sauti kwa kebo ya netiweki ya kawaida (Cat5e inatosha). QL1 ina maiki 16 nyuma yake, Rio ina nyingine 16, jumla 32.

Mahitaji: laptopu yenye tundu la netiweki la gigabiti, swichi ya gigabiti, SSD, Reaper (programu ya kurekodia, majaribio siku 60 bure), Dante Controller (ya kuunganisha chaneli, bure) na Dante Virtual Soundcard (inaifanya laptopu ipokee sauti ya Dante), hii ya mwisho ni ya kulipia na msihangaike na za wizi, itakuangusha katikati ya shoo.

1. Chomeka QL1, Rio na laptopu kwenye swichi moja, tundu la Primary tu. QL1 ikiwa kwenye Daisy Chain (tundu zake mbili za Dante zikifanya kazi kama swichi) usirudishe Primary na Secondary kwenye swichi hiyohiyo, netiweki itajizunguka na sauti yote inakufa. Waifai ya laptopu zima kabisa. Dante Virtual Soundcard haifanyi kazi kwa waifai, ile ruta mliyoweka ya kumpa fundi aipadi ni ya kuendesha miksa tu, haibebi sauti.

2. Kama swichi ina kile kipengele cha kuokoa umeme, EEE au Green Ethernet, kizime, kwenye kadi ya netiweki ya laptopu pia kizime. Hapa ndipo watu wengi wanapigwa: kinalaza tundu kidogo tu, ukivinjari intaneti hutajua, ila Dante inategemea vifaa vyote viwe na saa moja na saa ikiyumba unasikia tki tki kwenye rekodi.

3. Fungua Dante Virtual Soundcard, chagua ASIO (draiva ya sauti ya Windows), chaneli 32x32, leitensi (ucheleweshaji wa sauti) weka 10 ms, halafu Start. Usiogope hiyo 10, unarekodi tu humsikilizishi mwimbaji, haina madhara yoyote.

4. Kwenye miksa, patchi za Dante Out weka Direct Out (sauti ya kila chaneli peke yake) za chaneli 1 mpaka 32, na sehemu ya kuchukulia iwe Pre HPF, yaani kabla ya kichujio cha besi, EQ na feda. Hii ndio roho ya somo lote. Ukichukua baada ya feda, kila fundi akishusha mtu katikati ya wimbo na wewe rekodi yako inashuka, akikata EQ vibaya umebaki nayo milele.

5. Fungua Dante Controller. Juu ni wanaotuma, kushoto ni wanaopokea. Unganisha chaneli za QL1 na za laptopu, 1 kwa 1, 2 kwa 2, mpaka 32, tiki za kijani zitokee zote. Nenda Clock Status, QL1 ndio iwe kiongozi wa saa (weka tiki ya Preferred), laptopu yenyewe haiwezi kuongoza, inafuata tu.

6. Reaper: chagua draiva ya Dante, sampo reti 48000 (sampuli kwa sekunde), WAV biti 24, tengeneza traki 32, ziandike majina, arm zote (ziweke tayari kurekodi). Geini (nguvu ya maiki inapoingia): mwimbaji akipiga kelele kabisa isivuke -10 dB, biti 24 ina nafasi ya kutosha chini, usibane juu.

7. Chaneli mbili wape hadhira, maiki mbili pembeni ya steji zinazotazama watu. Bila hizo rekodi laivu inasikika kama mazoezi ya chumbani, makofi na vigelegele ndio shoo yenyewe.

Kabla watu hawajaingia rekodi dakika kumi, simamisha, sikiliza traki moja moja. Laptopu izimwe apdeti na kulala, na ile flashi ya kwenye miksa iendelee kurekodi L na R kama akiba, msiidharau.

MASWALI

Swali: Mwalimu, nafasi kiasi gani kwenye diski?
Jibu: Chaneli moja ya 48k biti 24 inakula baiti 144,000 kwa sekunde, 32 ni kama MB 4.6, saa moja inakuwa kama GB 16.6. Shoo ya masaa matatu andaa GB 50 na ziada.

Swali: Kaka mimi kanisani tuna miksa ya Behringer X32, hatuna Dante, nifanyeje?
Jibu: Angalia nyuma, kama ina kadi ya USB basi dada yangu umeshamaliza, inatoa chaneli 32 kwa kebo ya USB moja kwa moja, ila kebo iwe fupi, laptopu ikae pembeni ya miksa. Netiweki haihitajiki hapo.

Swali: Tiki hazitoki kijani, naona alama nyekundu, na mara nyingine laptopu haionekani kabisa.
Jibu: Nyekundu mara nyingi ni sampo reti hazilingani, kimoja 44.1 kingine 48. Kutoonekana angalia IP, kama laptopu uliipa 192.168 kwa mkono na vingine viko 169.254 havitaonana, acha zote ziwe otomatiki. Faya wolu nayo iruhusu Dante.

Swali: Fundi wa ukumbi hataki mtu aguse miksa yake, na shoo ni kesho.
Jibu: Ana haki, usiiguse. Kama maiki zote zimeingia kwenye Rio, omba tundu moja tu kwenye swichi yake, halafu kwenye Dante Controller chukua chaneli moja kwa moja kutoka Rio, Dante inaruhusu chaneli moja ipokelewe na zaidi ya mmoja. Tiki zake zilizopo usizitoe hata moja. Ila geini ni yake, kwahiyo baada ya saundicheki mwombe awashe Gain Compensation, akipandisha au kushusha katikati ya wimbo levo yako haitaruka.