Kumtafuta bundi msitu wa Rau

Wengi ninaowaongoza hapa Moshi huja na tochi kubwa, wakidhani bundi hutafutwa kwa macho. Mimi nawaanzishia chini, saa kumi na moja jioni, jua lingalipo. Tunakagua mashina ya mivule tukitafuta madoa meupe kama chokaa iliyomwagika. Hicho ni kinyesi chake. Bundi ana mazoea: tawi alilolalia jana, mara nyingi leo pia yupo hapo hapo.

Karibu na madoa tafuta vidonge vya manyoya, ukubwa wa kidole gumba. Bundi humeza panya mzima, kisha mifupa na manyoya yasiyosagika huyatapika yakiwa yamefungamana. Nilikichambua kimoja kwa kijiti mbele ya mtoto aliyekuja na bibi yake. Ndani tulikuta taya la panya, meno ya mbele bado yana rangi ya machungwa. Bibi alikuja akisita, maana kwao bundi akilia juu ya paa ni uchuro. Alilishika lile taya akaligeuzageuza. Nikamwambia, "Bibi, huyu ndiye mlinzi wa mpunga wetu." Nalisema hilo kila safari, kwa sababu bundi bado wanapigwa mawe bure.

Kibali cha kuingia msituni ulizia mapema, na uongozane na mtu azijuaye njia. Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika, jipake dawa ya mbu. Wakati wa masika chomekea suruali kwenye soksi. Siafu hawana huruma. Watu wasizidi sita.

Giza la huku halibishi hodi. Jua likishazama, simameni mahali pamoja, simu zimezimwa, dakika ishirini nzima. Subirini mbega na kima watulie. Weka viganja nyuma ya masikio, ugeuke polepole. Bundi wa msituni hulia kwa mapigo, hu-hu, hu-hu-hu, na jike hujibu kwa sauti ya juu zaidi, huuu. Tafadhali usimchezee mlio wake kwenye simu. Atadhani mwenzake amevamia eneo lake, aache kuwinda aje kupigana na hewa.

Ukishajua alipo, funga tochi kwa kitambaa chekundu, umulike pembeni ya tawi, kamwe si usoni. Usihangaike kumzunguka: macho yake hayazunguki, lakini shingo itakufuata.

Msipomsikia, tokeni mpaka ukingoni, kwenye majaruba ya mpunga. Huko huwinda yule wa uso mweupe wenye umbo la moyo, mwenye sauti ya kukwaruza. Ukingo wa mbele wa bawa lake una meno laini kama kitana, ndiyo maana upepo haulii anaporuka. Akipita juu yenu hamtasikia kitu. Nyota zitazibika kidogo, kisha zitafunguka tena.