Ukibeti basketboli, cheki kwanza kama ovataimu inahesabiwa

Kwa wale mmezoea kubeti boli ya EPL na sasa mnakesha na NBA: kabla uweke pesa kwa mshindi, hesabu machaguo ni mangapi. Yakiwa mawili tu, timu hii ama ile, kawaida ovataimu (dakika za ziada mechi ikiisha sare) iko ndani. Ukiona matatu, na ile X ya sare katikati, hiyo inaishia dakika za kawaida, 48 kwa NBA na 40 kwa mechi za FIBA (shirikisho la basketboli la dunia), so timu yako ikitoka sare hapo halafu ishinde kwa ovataimu wewe ushachomeka, hata kama kwa tivii wanashangilia. Ndio maana odi za 1X2, yaani hiyo ya machaguo matatu, hukaa zimenona kidogo. Handikapu (timu moja inaongezewa ama kupunguziwa pointi) na ova/anda (jumla ya pointi ipite ama isifike namba fulani) za mechi nzima pia mara nyingi huhesabu ovataimu, kwa hivyo ova 220.5 inaweza kuokolewa na zile dakika 5 za ziada na anda (mimi huiogopa mechi ikikaribiana) ikafia hapo hapo. Kwa beti za kota (robo moja ya mechi) hii hesabu ya machaguo haikusaidii, na kampuni zingine zina sheria zao, hapo fungua maelezo ya hiyo beti usome.