Kupanga wiki moja ya historia na jiografia kwa swali moja: mfano wa karafuu za Pemba

Mwalimu anayefundisha historia na jiografia kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14 mara nyingi huanza andalio lake la wiki kwa kufungua kitabu pale alipoishia Ijumaa iliyopita. Kwa njia hiyo mada humalizika, na azimio la kazi likakaguliwa bila ya matatizo, lakini mwanafunzi hapati sababu ya kuhusisha kipindi cha Jumatatu na kile cha Alkhamisi. Mwongozo huu unapendekeza kuanzia upande wa pili. Mwalimu achague swali moja litakalobebwa wiki nzima, aamue mapema mwanafunzi ataandika nini kulijibu, na baada ya hapo ndipo apange vipindi vitakavyomfikisha kwenye maandishi hayo. Swali linalotumika hapa ni hili: kwa nini mikarafuu mingi ya Zanzibar iko Pemba na si Unguja?

Swali hili linafaa kwa sababu takriban kila mtoto wa Pemba analo jibu lake kabla hajafunzwa chochote. Atasema ni udongo, au ni mvua, na atakuwa amepatia sehemu tu ya jibu. Sehemu iliyobaki imo katika historia, na hakuna sentensi moja ya kitabu inayoweza kunakiliwa ikatosheleza. Tulinganishe na agizo la kawaida la "Eleza umuhimu wa karafuu katika uchumi wa Zanzibar," ambalo mwanafunzi hodari wa kunakili hulimaliza kwa dakika kumi bila ya kufikiri. Likichaguliwa swali jingine, liwe na sifa zile zile: lina majibu zaidi ya moja yenye mashiko, linahitaji ushahidi, na linamhusu mtoto anayeulizwa.

Kabla ya Jumatatu mwalimu anapaswa kuwa na maelezo ya msingi kichwani. Mikarafuu si mti wa asili wa visiwa hivi. Ililetwa mwanzoni mwa karne ya 19, na kilimo chake kikapanuka sana wakati wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliyehamishia makao yake Zanzibar kutoka Muscat na kufariki mwaka 1856. Ilipandwa visiwa vyote viwili, na kwa muda mrefu Unguja ndiyo iliyokuwa mbele. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, ilhali Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Kwa kuwa mkarafuu huchukua miaka kadhaa tangu kupandwa hadi kuzaa, pengo la Unguja halikuweza kuzibwa haraka. Bei ilipanda, na wenye mashamba wakaelekeza nguvu zao Pemba. Mwaka uliofuata, 1873, Sultan Barghash alitia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko lao, ingawa utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi mwaka 1897. Mashamba yote hayo yalitegemea kazi ya watumwa, kwa hiyo suala la nani anachuma haliwezi kutenganishwa na suala la wapi panapandwa.

Upande wa jiografia, Pemba hupata mvua nyingi zaidi, na vilima na mabonde ya magharibi yake yana udongo wenye kina. Hata hivyo, upande wa mashariki wa Pemba una maeneo ya mawe ambako mikarafuu haistawi, na magharibi ya Unguja kuna ardhi nzuri iliyowahi kujaa mikarafuu. Jambo hili la mwisho lina uzito mkubwa, kwa maana linaonesha kwamba udongo peke yake hautoshi kuwa jibu, na mwalimu asilitaje mpaka darasa lenyewe litakapoliona kwenye ramani.

Kuhusu ratiba, ni vyema kukumbuka kwamba mtoto wa Zanzibar ana skuli mbili. Anayesoma mkondo wa asubuhi huenda chuoni, yaani chuo cha Kurani, mchana au jioni, na wa mkondo wa mchana huanza na chuo asubuhi; katikati kuna maji ya kuchota na wadogo wa kuangaliwa. Kazi ya nyumbani inayozidi nusu saa itafanywa vibaya, au itafanywa na kaka mkubwa. Ijumaa nayo ni siku fupi kwa sababu ya sala, na kuipangia jambo jipya ni kujidanganya. Kwa hiyo uzito wa wiki uwekwe kati ya Jumatatu na Alkhamisi, na kazi ya nyumbani iwe moja tu, itolewe Jumatatu na irejeshwe Jumatano, ili mtoto apate jioni mbili za kumvizia mzee aliyeko shamba au baharini.

Jumatatu, swali liandikwe juu ya ubao na lisifutwe hadi wiki imalizike. Ikiwa chumba kinatumiwa na mikondo miwili, liandikwe kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ukutani. Wanafunzi waandike majibu yao ya kwanza kwa sentensi mbili, bila ya kusahihishwa, na daftari zifungwe. Baada ya hapo ndipo wachore ramani za visiwa viwili, watie rangi maeneo ya udongo wenye kina na maeneo ya mawe, kisha wajadiliane wawili wawili kama ramani inakubaliana na walichoandika. Mwalimu apite kimya akisikiliza. Wapo watakaogundua kwamba Unguja nayo ina ardhi ya kufaa, na hapo ndipo swali linapoanza kuwachoma.

Jumanne ni siku ya tarehe, na haihitaji maneno mengi: kamba itandazwe kutoka ukuta hadi ukuta, na kadi za matukio yaliyotajwa hapo juu zitundikwe kwa mpangilio na wanafunzi wenyewe. Kitu kimoja tu kisisitizwe, nacho ni ukaribu wa 1872 na 1873. Mwanafunzi aulizwe mwenye shamba wa Unguja alikuwa na hali gani mwishoni mwa mwaka huo wa pili, akiwa na mikarafuu iliyoanguka na njia ya kupata watu wa kufanya kazi imebanwa.

Kazi ya nyumbani ndiyo moyo wa wiki, na inastahili kutayarishwa kwa uangalifu kuliko kipindi chochote. Mwanafunzi anatakiwa amhoji mtu mzima mmoja, jamaa au jirani, aliyewahi kuchuma, kuchambua, kuanika au kuuza karafuu. Maswali matatu yanatosha: alianza kazi hiyo akiwa na umri gani na kwa nani, alilipwa vipi, kwa pishi (kipimo cha karafuu alizochuma) au kwa njia nyingine, na ni kitu gani kimebadilika tangu wakati huo. Mwanafunzi afundishwe kuanza kwa shikamoo, kueleza kwamba ni kazi ya skuli, kuomba ruhusa ya kuandika, na kuandika maneno ya mzee kama alivyoyatamka, kwa Kipemba chake, bila ya kuyasafisha. Juu ya karatasi aandike uhusiano wake na mzee, kijiji, na takriban miaka inayozungumziwa, lakini jina asiliandike. Katika skuli za Unguja ambako familia nyingi hazina mikarafuu, wapo wazee waliokuwa wakivuka kwenda Pemba wakati wa msimu, na maelezo yao ni ya thamani hiyo hiyo. Asiyepata mtu kabisa aungane na mwenzake, wala asiadhibiwe.

Hapa pana hatari ambayo mwalimu hana budi kuiona mapema. Mazungumzo ya mashamba hayaendi mbali kabla ya kugusa utumwa, au Mapinduzi ya 1964 na ugawaji wa mashamba ya eka tatu tatu uliofuata, na katika vijiji vyetu jirani mmoja anaweza kuwa mjukuu wa aliyenyang'anywa na mwengine mjukuu wa aliyepewa. Haifai kumtuma mtoto akaulize shamba lilikuwa la nani kabla, wala kumuuliza mwanafunzi mbele ya wenzake ukoo wake ulikuwa upande gani. Matukio hayo yafundishwe darasani kama historia ya nchi, kwa ukweli na bila ya kuficha, na maswali ya nyumbani yabaki kwenye kazi ya mikono. Mzee akiamua mwenyewe kueleza zaidi, mtoto asikilize kwa adabu na kumwambia mwalimu faraghani. Mzee akikataa, mwanafunzi aandike "hakupenda kuzungumza" na ahesabiwe kuwa ametimiza kazi.

Jumatano karatasi hizo ziletwe na ubao ugawiwe safu tatu: aliyoyaona mwenyewe, aliyoyasikia kwa wengine, na anayoyadhani. Kila mwanafunzi achague sentensi moja ya mzee wake na kuamua inaingia safu ipi. Mabishano yatakuwa mengi, na yaachiwe. Mzee wa miaka 80 anayesimulia jinsi alivyopanda ngazi ya kuchumia akiwa mtoto anaingia safu ya kwanza bila ya shaka. Mzee huyo huyo akisema kwamba kimbunga cha zamani kiliangusha mikarafuu ya Unguja, hakuwapo, na maneno yake ni ya safu ya pili hata kama ni ya kweli. Mwanafunzi wa umri huu akishika tofauti hiyo, ameshika sehemu kubwa ya kazi ya historia. Itatokea pia sentensi kama "Karafuu imeumbiwa Pemba," na darasa litacheka. Mwalimu asiitupe. Haithibitishi chochote kuhusu udongo, lakini inathibitisha namna watu wa kisiwa wanavyoitazama karafuu, na huo ni ushahidi wa jambo jengine.

Kwa maoni yangu, kipindi hiki pia hutoa kile ambacho vitabu vyetu vinakipita haraka: kazi ya wanawake na watoto waliokaa usiku wakichambua karafuu kutoka kwenye makonyo (vijiti vinavyoshika karafuu), majamvi yaliyoanuliwa mbio mvua inapotishia, na bei inayopangwa mbali na shamba. Wanafunzi ambao hukosa skuli wakati wa mavuno, na ambao kwa kawaida hurudi wakiwa nyuma, siku hii ndio mashahidi, na waulizwe maswali na wenzao.

Alkhamisi ni ya kuandika, kipindi kizima, ndani ya darasa. Kinachotakiwa ni nusu ukurasa wenye dai moja, ushahidi wa aina mbili, mmoja wa ramani au tarehe na mmoja wa nyumbani, na sentensi moja inayokiri kwamba lipo jibu jengine. Wanafunzi waoneshwe kwanza aya dhaifu: "Mikarafuu mingi iko Pemba kwa sababu udongo wake ni mzuri na watu wake ni hodari." Waulizwe ni kitu gani humo kinaweza kuthibitishwa. Kisha waoneshwe iliyo bora: "Mikarafuu mingi iko Pemba hasa kwa sababu kimbunga cha 1872 kiliharibu mashamba ya Unguja na kuiacha Pemba. Ramani inaonesha kwamba magharibi ya Unguja kuna udongo wa kufaa, kwa hiyo udongo peke yake si sababu. Bibi yangu anasema babake alikuwa akitoka Unguja kila msimu kuja kuchuma Pemba, jambo linaloonesha kwamba kazi ilikuwa huku. Hata hivyo, mvua nyingi ya Pemba nayo imesaidia." Aya hiyo ifutwe kabla hawajaanza, la sivyo itasomwa mara arobaini.

Pale ambapo somo hufundishwa kwa Kiingereza, rasimu ya kwanza iandikwe kwa Kiswahili. Mtoto anayelazimika kutafuta hoja na msamiati wa kigeni kwa wakati mmoja hupoteza hoja, kwa kuwa msamiati ndio utakaosahihishwa. Akishaipata hoja, kuihamisha ni kazi ndogo zaidi, na inaweza kufanywa kipindi kinachofuata.

Alama ziwe 20 na wanafunzi wazijue kabla ya kuandika: dai 4, ushahidi 8, namna ushahidi ulivyofungamanishwa na dai 5, na lugha 3. Katika darasa kubwa haiwezekani kusahihisha kila kosa kwa jioni moja, na mwalimu asijaribu. Achague sehemu ya kufungamanisha, ambayo ndiyo ngumu, na aiandikie maelezo ya mstari mmoja. Nyingine azipe alama tu.

Ijumaa kazi zirudishwe mapema. Aya tatu zisomwe bila ya kutaja majina, darasa liseme dai ni lipi na ushahidi ni upi, kisha kila mmoja aandike upya sentensi yake moja aliyoandikiwa maelezo. Mwisho wafungue yale majibu ya Jumatatu na kuandika chini yake kama wamebadilisha rai au la, na kwa sababu gani. Anayebaki na rai yake ya mwanzo akiwa na sababu hapungukiwi na kitu. Kazi ya mwisho wa wiki isitolewe. Ziara, iwe ni kwenye makumbusho ndani ya ngome ya Chake Chake au Nyaraka za Taifa kule Kilimani, ipangwe wiki inayofuata, wanafunzi wakiwa tayari wana maswali ya kwenda nayo.

Karatasi za mahojiano zisirudishwe pamoja na daftari. Baada ya kuhakikisha hazina majina, mwalimu azipange kwa shehia (eneo dogo la utawala la mtaa au kijiji) na mwaka ndani ya bahasha na kuzitunza kabatini, ili darasa la mwaka ujao lianze Jumatano yake likiwa na maneno ya wazee wa mwaka huu ya kulinganisha na ya wazee wake.