Nyumba kwenye udongo mweusi wa mbuga: funga mikanda ya chini kama wavu

Kama kiwanja chako kina ule udongo mweusi wa mbuga, wa kule Shinyanga au Athi River, msingi wa mawe peke yake usijidanganye nao. Mvua ikinyesha udongo huo unavimba, kiangazi unapasuka nyufa mpaka mkono unaingia, na nyumba inafuata.

Kwanza chimba shimo la kupima ujue udongo mgumu uko mita ngapi. Ukiwa karibu, toa huo mweusi wote ujaze moramu (udongo wa changarawe), shindilia kidogo kidogo kila sentimita 15. Ukiwa mbali sasa ndo unafunga mikanda ya zege, yaani boriti zenye nondo ndani, chini ya kuta zote, za nje na za ndani, mikanda ikutane kama wavu, afu ikae juu ya nguzo zilizoshuka mpaka kwenye udongo mgumu.

Nondo weka juu na chini, manake udongo huu unasukuma kwenda juu pia, mafundi wengi wanapunguza za juu eti kuokoa hela. Kwenye kona usikatie nondo hapo, ikunje iingie mkanda wa pili, na maungio ya nondo ya milimita 12 yapishane kama sentimita 60.

Chini ya mkanda acha nafasi tupu udongo uvimbie humo. Zege mwagilia siku 7 angalau, na saizi za nondo akupigie hesabu injinia, siyo jirani.