Somo: Kuchora mwendo nasibu kwa kompyuta mpaka uuone unatanuka

Wakuu, salaam. Leo tunauchora mwendo nasibu, yaani mwendo ambao kila hatua inachaguliwa kwa bahati tupu, ukitembea kwenye skrini.

Chukua Kariakoo, mitaa ilivyokatana kama daftari la hesabu. Mtu kasimama njia panda. Anachagua mbele, nyuma, kushoto au kulia kwa bahati tupu, anakwenda mpaka njia panda inayofuata, anachagua tena bila kujali alikotoka. Akishapita njia panda 100, yuko umbali gani na alikoanzia? Swali la jamii hii mtaalamu wa takwimu Karl Pearson alilipeleka kwenye jarida la sayansi la Nature mwaka 1905, na mwanafizikia Lord Rayleigh akamjibu kwamba alishakutana na hesabu yake kwenye mitetemo. Ukichukua watu wengi, ukazidisha umbali wa kila mmoja kwa wenyewe, wastani unakuwa sawa na idadi ya hatua. Kwa hiyo hatua 100 zinakupa kama mitaa 10 tu. Ukitaka kufika mitaa 20, andaa hatua 400.

Hesabu hiyo nimeifundisha ubaoni mara nyingi, na wanafunzi wanaiandika bila kuiamini. Wakiiona inatembea, wanaiamini.

Unahitaji Python, lugha ya kuandikia programu, pamoja na nyongeza zake mbili: numpy ya hesabu na matplotlib ya michoro. Kompyuta ya kawaida inatosha kabisa.

Kwanza, usichore mtu mmoja. Njia ya mtu mmoja inapendeza kama uzi uliovurugika, lakini haikufundishi kitu, maana ukiirudia inatoka nyingine kabisa. Weka watu 500, wote waanzie sehemu moja.

```
import numpy as np
import matplotlib.pyplot as plt
from matplotlib.animation import FuncAnimation

watu, hatua = 500, 400
pande = np.array([[1,0],[-1,0],[0,1],[0,-1]])
bahati = np.random.default_rng(7)
chaguo = bahati.integers(0, 4, size=(hatua, watu))
njia = pande[chaguo].cumsum(axis=0)

picha, uwanja = plt.subplots()
uwanja.set_xlim(-60, 60)
uwanja.set_ylim(-60, 60)
uwanja.set_aspect("equal")
nukta = uwanja.scatter(njia[0,:,0], njia[0,:,1], s=4)
duara = plt.Circle((0, 0), 1, fill=False)
uwanja.add_patch(duara)

def chora(i):
    nukta.set_offsets(njia[i])
    duara.set_radius((i + 1) ** 0.5)

sinema = FuncAnimation(picha, chora, frames=hatua, interval=40)
plt.show()
```

Kazi yote ya hesabu iko kwenye cumsum: inajumlisha hatua moja juu ya nyingine, watu wote kwa mpigo. Namba 7 ni mbegu ya bahati. Ukiiacha hapo, kila ukiendesha programu utapata watu walewale na njia zilezile, jambo linalosaidia sana unapotafuta kosa.

Pili, na hapa naomba mtulie: funga mipaka ya uwanja. Ndiyo kazi ya mistari miwili ya set_xlim na set_ylim. Mara ya kwanza nilipowaonyesha vijana wa kidato cha tano, mipaka niliiacha ijipange yenyewe kwa kila picha. Watu wakitanuka, uwanja nao unatanuka, na machoni wingu la nukta likabaki na ukubwa uleule mwanzo hadi mwisho. Binti mmoja wa mbele akauliza, "Mwalimu, mbona hawaendi popote?" Alikuwa sahihi kwa alichokiona. Mchoro wangu ulikuwa umefuta jambo lenyewe nililokuja kulifundisha.

Tatu, litazame duara. Nusu kipenyo chake ni kipeuo cha pili cha idadi ya hatua. Mwanzoni linafunguka haraka, kisha linapunguza kasi mpaka unakaribia kuhisi limesimama. Simamisha animesheni popote baada ya zile hatua chache za mwanzo, uhesabu: kama watu 63 kwa kila 100 wako ndani yake, iwe hatua ya 100 au ya 400.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Mbagala: Mkuu, somo limeeleweka, ubarikiwe. Ila nukta zangu zinametameta, kama zote zinaruka kwa pamoja. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, umeona kitu kizuri. Fikiria ubao wa drafti. Ukisogea nafasi moja tu mbele, nyuma au pembeni, lazima utoke kwenye nyeusi uingie nyeupe. Watu wote walianza kwenye rangi moja, kwa hiyo kila hatua wote wanahama rangi kwa pamoja. Ukitaka utulivu, onyesha hatua moja, ruka moja: ndani ya chora andika njia[2*i], duara ulipe kipeuo cha 2*i + 1, na frames ziwe hatua // 2.

Mwanachama, Tabata: Shikamoo mwalimu. Mimi natumia Google Colab kwenye simu, picha inatokea lakini imeganda.

Jibu: Marahaba. Huko Colab, ambako Python inaendeshwa ndani ya kivinjari, plt.show inatoa picha mnato. Badala yake andika: from IPython.display import HTML, kisha mstari wa mwisho HTML(sinema.to_jshtml()). Itakuja na vitufe vya kuchezea. Vuta subira, maana picha 400 zinachukua muda kutengenezwa. Bando likiwa dogo, anza na 100.

Mwanachama, Kigamboni: Kaka, huyu mtu wa Kariakoo, akiendelea hivyohivyo bila kuchoka, atarudi alikoanzia?

Jibu: Atarudi, uhakika ni asilimia 100, tukichukulia mitaa haina mwisho. Mwanahisabati George Pólya alilithibitisha hilo mwaka 1921. Lakini muda wa kumsubiri, ukitafuta wastani wake, hauna kikomo. Sasa mwongezee juu na chini, kama yuko ndani ya ghorofa lisilo na mwisho: nafasi ya kurudi inashuka hadi kama asilimia 34. Kwenye programu, pande ziwe sita zenye namba tatu kila moja, 4 ndani ya integers iwe 6, na kwenye set_offsets uchore namba mbili za kwanza tu, njia[i,:,:2]. Duara nalo halitashika 63 tena, kwa sababu unachokiona ni kivuli cha mwendo wenyewe.