Kupeleka wazo la utafiti Wizara ya Ulinzi ya Marekani ukiwa Afrika Mashariki

Juzi nimemaliza kumsaidia mhadhiri mmoja kujisajili, na kwa kuwa maswali ni yaleyale kila mara, nimeona niyaweke hapa.

Hatua ya 1: Chagua mlango

Pentagon ina milango mingi. Wengi hukimbilia DARPA, wakala wake wa utafiti wa teknolojia mpya, kwa sababu ya jina. Mimi humwelekeza mtu AFOSR kwanza, ofisi ya utafiti wa msingi ya Jeshi la Anga. Tawi lake la London, EOARD, ndilo linaloshughulikia Afrika pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati, na hutoa ruzuku. Kama una droni tayari unatafuta mnunuzi, hapa si mahali pake. Wanataka swali la kisayansi ambalo bado halijajibiwa.

Hatua ya 2: Muhtasari kabla ya andiko la mradi

Soma tangazo lao la ufadhili, tafuta afisa wa programu anayesimamia fani yako, mwandikie barua pepe na muhtasari wa kurasa mbili tatu. Usianze na historia ya chuo wala picha ya jengo. Jibu maswali aliyoyaacha George Heilmeier, aliyeiongoza DARPA 1975 hadi 1977: unataka kufanya nini, bila istilahi ngumu? Leo linafanywaje, na linakwamia wapi? Kwako jipya ni lipi? Likifanikiwa, nani atanufaika? Hatari zake? Gharama na muda? Utajuaje katikati ya safari kwamba mambo yanakwenda? Hilo la mwisho watu hulikwepa, nalo ndilo la kwanza kuulizwa.

Hatua ya 3: Usajili (hapa ndipo penye kazi)

Anza mapema, hata kabla afisa hajakujibu. Taasisi iliyo nje ya Marekani huanza na NCAGE, namba ya kuitambulisha taasisi katika mfumo wa NATO, ambayo nchi zetu huipata kwa NSPA, wakala wa ugavi wa NATO. Ukishaipata ndipo unaingia SAM.gov, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanaoomba fedha zake, na kupewa UEI, namba ya utambulisho wa taasisi iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, DUNS, Aprili 2022. Ukigeuza mpangilio, utarudishwa mwanzo.

Jina na anwani lazima vifanane kila mahali, herufi kwa herufi. NCAGE ikisema "Limited" na SAM ukaandika "Ltd", umekwama. Rekebisha NCAGE kwanza, kisha rudi SAM.

Tatizo kubwa zaidi kwetu ni anwani. SAM haikubali S.L.P. kama mahali ulipo, nayo hati zetu nusu nzima ni S.L.P. Wanataka karatasi yenye jina kamili la taasisi pamoja na mtaa na namba ya jengo au kitalu, isiyozidi miaka mitano. Wenzetu Ulaya huambatanisha bili ya umeme. Wewe una LUKU, umeme wa kulipia kabla, na risiti ya tokeni haina mtaa. Kinachonisaidia ni taarifa ya benki: nenda tawini, omba wabadilishe anwani ya akaunti iwe ya mtaa na kitalu, ndipo uombe taarifa mpya yenye mhuri. Bili ya maji nayo inafaa ikiwa ina jina la taasisi na si la mwenye nyumba. Hati ya Kiswahili iambatane na tafsiri iliyothibitishwa.

Yote haya ni bure. Ukishaonekana kwenye mfumo, vishoka watakuandikia kwa lugha ya kiserikali wakidai ada ya "kukamilisha usajili". Futa.

Ukishindwa kabisa, tafuta chuo kilichosajiliwa kiwe mwombaji mkuu, wewe uingie chini yake. Hapo mara nyingi UEI pekee inatosha, bila usajili mzima.

Hatua ya 4: Andiko kamili

Linapita Grants.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kuombea ruzuku. Fuata tangazo, bajeti mwachie mhasibu wa chuo.

Hatua ya 5: Kusubiri

Usajili wa SAM hufa baada ya mwaka. Weka ukumbusho kwenye simu miezi miwili kabla, maana ukiisha andiko likiwa mezani, fedha hazitoki.