Ndugu yako kahukumiwa na mahakama ya kijeshi? Maliza rufaa, ila angalia na kalenda

Huku Kigoma swali hili haliishi, mmoja kaka yake ni mwanajeshi wa hapa hapa, mwingine shemeji yake kafungwa na mahakama ya kijeshi ng'ambo ya ziwa, na wote wanataka kukimbilia Arusha. Tulieni kwanza jamani. Arusha kuna mahakama mbili, ya Afrika ya Haki za Binadamu na ya Afrika Mashariki, na masharti yake hayafanani.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu tuiweke pembeni. Serikali yetu iliondoa lile tamko la kuruhusu watu binafsi kuishtaki pale, likakoma Novemba 2020, na Kongo na Burundi hawakuwahi kuliweka. Inabaki Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Banjul, Gambia, na hii ndo inataka umalize njia za ndani, ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika.

Njia za ndani ni mahakama, yaani rufaa ya kawaida mpaka ngazi ya mwisho inayofikika. Barua kwa mkuu wa kikosi au maombi ya msamaha wa rais hayahesabiwi, usizungushwe huko miezi. Hata kuomba marejeo Mahakama ya Rufani (iangalie upya hukumu yake yenyewe) sio lazima, kesi ya Alex Thomas dhidi ya Tanzania ya 2015 kwenye Mahakama ya Afrika ilishalisema hilo.

Hukumu ikisomwa tu, mwambie wakili aweke kusudio la kukata rufaa, muda wa jeshini huwa mfupi. Omba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi kwa maandishi, barua kopi mbili, moja ibaki kwao na nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikaa kimya andika tena, gongesha tena. Zile kopi zenye muhuri ndo zitakuokoa baadae, mana njia ya ndani ikicheleweshwa kupita kiasi unasamehewa kuimaliza, lakini lazima uonyeshe. Alafu malalamiko ya haki (kanyimwa wakili, au ni raia kapelekwa jeshini) yaingie kwenye sababu za rufaa, usiyafiche kama karata.

Aliyekimbia kuokoa maisha, kama wengi walioko kambi ya wakimbizi Nyarugusu, haambiwi arudi akakate rufaa. Kwenye kesi ya Jawara, rais wa zamani wa Gambia aliyepinduliwa, dhidi ya Gambia Tume ilikubali hivo.

Ukishamaliza usilale, kuna kesi ya Zimbabwe Tume iliona kukaa miezi 22 kabla ya kupeleka malalamiko ni mingi mno.

Sasa mtego. Mahakama ya Afrika Mashariki haidai umalize chochote, ila inakupa miezi miwili tu tangu uamuzi utoke na haiongezi hata siku, kwaiyo ukisubiri rufaa iishe mlango huu ushafungwa. Mwaka 2010 dada wa afisa wa jeshi la Rwanda aliyefichwa kizuizini alienda pale moja kwa moja na akashinda, na mwaka 2007 Uganda ilishindwa baada ya askari kuizingira Mahakama Kuu na kuwarudisha rumande watu waliopewa dhamana, wakapelekwa mahakama ya kijeshi. Haifuti kifungo lakini, inatamka tu kwamba nchi imevunja Mkataba wa Jumuiya. Mkimbizi anayeishi hapa nae anaweza kufungua, na masijala ndogo ipo Dar, ila hesabu na siku za treni.